The Magic Circle: chama cha wanamazingaombwe kinalinda siri gani?

Mnamo Aprili 2025, The Magic Circle, chama cha wanamazingaombwe chenye makao yake London, kilimrudishia uanachama Sophie Lloyd, mwanamke ambaye kilimfukuza mwaka 1991. Kosa lake lilikuwa kwamba aliingia chamani akiwa amejifanya mwanamume. Habari hiyo ilizunguka dunia, na kwa msomaji wa Kiswahili ilizua maswali kuliko ilivyoyajibu. Je, hiki ni chama cha wachawi? Ikiwa kina siri na masharti, kinatofautianaje na hicho tunachokisikia kila siku mitaani kikiitwa Freemason? Na ikiwa kazi ya wanachama wake ni kuyadanganya macho ya watu, kimepataje heshima hata mrithi wa ufalme wa Uingereza akakubali kusimama mbele ya watahini wake?

Maswali haya ni ya haki. Katika jamii zetu neno la siri likikutana na neno la nguvu zisizoonekana, hofu huja yenyewe, na mara nyingi huja kwa sababu za kweli zilizowahi kuumiza watu. Ndiyo maana inafaa tulifungue jambo hili polepole, tukianza na maana ya maneno yenyewe.

Mazingaombwe, ambayo wengine huyaita kiinimacho, ni sanaa ya kumwonyesha mtazamaji jambo linaloonekana kuwa haliwezekani: sarafu inapotea kiganjani, kamba iliyokatwa inaungana, mtu aliyefungwa kwenye sanduku anatokea nyuma ya watazamaji. Yanayofanya kazi hapo ni wepesi wa mikono, vifaa vilivyoundwa kwa ustadi, hesabu kidogo, ujuzi wa namna akili ya mwanadamu inavyogawa umakini wake, na zaidi ya yote mazoezi ya miaka mingi. Uchawi, kama jamii zetu zinavyouelewa, ni imani kwamba mtu anaweza kudhuru au kubadili mambo kwa nguvu za siri. Mfanya mazingaombwe hana haja ya nguvu hizo, na yule mwaminifu hadai kuwa nazo. Watazamaji wake wanajua kwamba wanadanganywa, wamekuja kwa ajili hiyo, na wamelipa kiingilio kwa ajili hiyo. Chama cha wanamazingaombwe, basi, ni jumuiya ya hiari ya watu wanaoifanya au kuipenda sanaa hii, wanaokutana ili kujifunza, kupimana, kuhifadhi historia yao na kulinda mbinu zao.

Mwanzo wake

The Magic Circle kilianza Julai 1905, wanamazingaombwe 23, baadhi yao wa kulipwa na wengine wa kujifurahisha tu, walipokutana katika mkahawa wa Pinoli, mtaa wa Soho, London. Mwanzoni walifikiria kukipa chama jina la Martin Chapender, kijana hodari wa fani hiyo aliyekuwa amefariki karibuni, na jina walilolichagua hatimaye lina herufi za mwanzo zilezile za jina lake. Rais wa kwanza alikuwa David Devant, ambaye wengi walimhesabu kuwa mfanya mazingaombwe mkubwa kuliko wote nchini Uingereza wakati huo. Mwaka uliofuata walianza kuchapisha jarida lao, The Magic Circular, ambalo bado linatoka hadi leo.

Si chama cha kwanza cha aina yake. Miaka mitatu kabla, mwaka 1902, wenzao wa Marekani walikuwa wameanzisha Society of American Magicians katika chumba cha nyuma cha duka la vifaa vya mazingaombwe mjini New York, na chama hicho kikaja kuongozwa na mfanya mazingaombwe mashuhuri Harry Houdini kuanzia 1917 hadi kifo chake mwaka 1926. Kwa hiyo kilichotokea London kilikuwa sehemu ya mwamko mpana. Kumbi za burudani zilikuwa zimejaa, fani ilikuwa inalipa, na palipo na malipo pana wizi: mtu aliyetumia miezi akibuni onyesho angeweza kulikuta limeigwa na mwingine wiki chache baadaye, au kulikuta limeelezwa hatua kwa hatua kwenye gazeti la senti chache. Watu hawa walihitaji mahali pa kuaminiana.

Anaingiaje mtu?

Hapa ndipo tofauti na uvumi wa mitaani inapoonekana wazi. Mwombaji anatakiwa awe ametimiza miaka 18, apate wanachama wa kumdhamini, ahojiwe, kisha afanye mtihani. Kwa kawaida mtihani huo ni onyesho la dakika chache mbele ya watahini, ingawa anayejishughulisha zaidi na historia au nadharia ya fani anaweza kuwasilisha tasnifu badala yake. Watahini hawaangalii tu kama mbinu imefichika. Wanaangalia kama mtu anajua kuongea na watazamaji, kama onyesho lina mwanzo na mwisho, kama anaiheshimu hadhira yake. Anayeshindwa huambiwa akajiandae zaidi. Juu ya uanachama wa kawaida kuna ngazi za sifa, na ya juu kabisa, yenye alama ya nyota ya dhahabu, haiwezi kuwa na watu zaidi ya 300 kwa wakati mmoja.

Mtihani unaotajwa kuliko yote ni ule wa mwaka 1975, Charles, mfalme wa sasa wa Uingereza aliyekuwa wakati huo bado mrithi, alipofanya mchezo wa vikombe na mipira mbele ya watahini na kukubaliwa. Vikombe alivyotumia vimehifadhiwa katika makumbusho ya chama. Nadhani mfano huu unaeleza sifa ya chama kuliko maelezo mengi, kwa kuwa mchezo wa vikombe ni wa kale sana na unajulikana na kila anayeanza kujifunza, na mrithi wa ufalme hakuwa na njia ya kuukwepa mtihani kwa cheo chake.

Makao ya chama tangu 1998 yako Stephenson Way, karibu na kituo cha treni cha Euston. Ndani mna ukumbi wa maonyesho, maktaba na makumbusho. Wanachama hukutana siku za Jumatatu, na siku nyingine milango hufunguliwa kwa umma unaokuja kutazama maonyesho. Chama kinachouza tiketi na kuchapisha majina ya viongozi wake hakijafichwa. Kilichofichwa ni jibu la swali moja dogo: onyesho lile limefanyikaje?

Wapo wanaoutaja utaratibu wa kuvunja kijiti cha mazingaombwe kwenye mazishi kama ushahidi wa ibada za giza. Utaratibu huo unajulikana tangu mazishi ya Houdini mwaka 1926, na maana yake ni kwamba mwenye kijiti ameondoka na kijiti kimebaki kipande cha mti. Ni namna ya kumlilia mwenzao. Hakuna mizimu inayoitwa, wala hakuna kiapo cha damu. Katika orodha ya marais wa chama msomaji wa Kiafrika atalikuta pia jina la Ali Bongo, naye huenda akashtuka. Huyo alikuwa Mwingereza aliyezaliwa India kwa jina la William Wallace, akalichukua jina hilo kwa ajili ya jukwaani, na alifariki Machi 2009, miezi kadhaa kabla ya Ali Bongo Ondimba kuapishwa kuwa rais wa Gabon. Wawili hao hawana uhusiano wowote.

Siri yenyewe ni ya nini?

Kaulimbiu ya chama ni ya Kilatini, Indocilis Privata Loqui, maana yake ni kwamba mwenye kuibeba si mtu wa kutoa siri. Mwanachama akimweleza mtu wa kawaida, asiyejifunza fani, jinsi onyesho linavyofanyika, anaweza kufukuzwa. Lakini kumfundisha mwanafunzi wa kweli kunaruhusiwa, na kuandika vitabu kwa ajili ya wanaojifunza kunaruhusiwa pia. Maktaba ya chama isingekuwepo bila vitabu hivyo. Basi kanuni haisemi kwamba siri isimfikie mtu yeyote. Inasema kwamba asirushiwe asiyeitafuta, kwa ajili ya sifa au fedha za haraka.

Msomaji wa Kiswahili ana mfano wa jambo hili tangu utotoni. Mtu anapotega kitendawili, hatoi jibu papo hapo. Anawaacha wenzake wahangaike, wabahatishe, na wakishindwa anadai apewe mji kwanza. Jibu la kitendawili halina thamani ya dukani, na mara nyingi ni kitu kidogo kama yai au kivuli, ila akitokea mtu mwenye haraka akalitaja kabla ya wakati, jioni ya watu wote imeharibika. Siri ya mazingaombwe ni ya namna hiyo hiyo. Ukiijua, mara nyingi unakuta ni uzi, kioo au kidole kilichokaa mahali pasipotarajiwa, na mshangao ulioupata unageuka kuwa kitu kidogo. Anayelindwa kwanza ni mtazamaji.

Anayelindwa pili ni mbunifu, na hapa inafaa tukae kidogo, kwa sababu watu wengi hudhani sheria inamlinda. Haimlindi sana. Tarehe 17 Januari 1921, katika ukumbi wa Finsbury Park Empire mjini London, mfanya mazingaombwe P. T. Selbit aliwaonyesha watazamaji mwanamke akikatwa kwa msumeno akiwa ndani ya sanduku, kisha akitoka mzima. Mwaka huohuo mwenzake wa fani, Horace Goldin, alikuwa akionyesha aina yake ya mchezo huo Marekani, na wawili hao wakaanza kugombea sifa na kumbi. Goldin aliona njia ya kujilinda ni kuomba hataza, akaipata mwaka 1923. Hataza, hata hivyo, ina sharti lake: serikali inakupa haki ya kuwazuia wengine kwa muda, nawe unaeleza hadharani, kwa michoro, jinsi kitu chako kinavyofanya kazi. Mwaka 1933 kampuni ya sigara ya R. J. Reynolds ikatumia maelezo ya michezo ya mazingaombwe, ukiwemo huo wa msumeno, katika matangazo yake ya biashara. Goldin aliishtaki, na mwaka 1938 akashindwa, kwa kuwa alichokiita siri alikuwa amekwisha kukitangaza mwenyewe kwenye hataza yake.

Hakimiliki nayo inalinda namna jambo lilivyotungwa na kuigizwa, lakini wazo au mbinu iliyo chini yake haiigusi. Mwaka 2014 mahakama ya Marekani ilimpa ushindi mfanya mazingaombwe Teller dhidi ya mtu aliyeiga onyesho lake la ua linalodondosha petali kivuli chake kinapokatwa kwa kisu. Ila alishinda kwa sababu onyesho hilo alikuwa amelisajili kama igizo bubu, na mbinu yenyewe ilibaki nje ya ulinzi. Mtu akiligeuza igizo na kuichukua mbinu peke yake, kesi ingekuwa nyingine kabisa. Ndiyo sababu kinga iliyobaki ni desturi: watu wa fani kukubaliana wao kwa wao kwamba kitu cha mwenzako hukichukui bila ruhusa wala hukimwagi hadharani, na atakayevunja makubaliano hayo atapoteza nafasi yake miongoni mwao. The Magic Circle si chama cha wafanyakazi na hakitoi leseni. Mtu anaweza kufanya mazingaombwe maisha yake yote bila kukanyaga Stephenson Way. Adhabu kubwa kuliko zote chama kilicho nayo ni kukunyima kadi ya uanachama, na wale wanaosimulia kwamba mtoa siri huuawa wanasimulia jambo ambalo halipo.

Adhabu hiyo imewahi kuwafika hata wakubwa. Devant mwenyewe, rais wa kwanza, aliondolewa chamani katika miaka ya mwisho ya maisha yake, akiwa mgonjwa na mikono yake imeshamsaliti, kwa kuchapisha katika jarida linalosomwa na umma siri za maonyesho aliyoyabuni yeye. Baadaye chama kikamrudisha kwa heshima. Siwezi kuliona tukio hilo bila huzuni. Kanuni iliyowekwa ili kumlinda mbunifu ilitumiwa dhidi ya mbunifu aliyetaka kukiachia kizazi kijacho alichokijua.

Kisa kingine kinatugusa kwa karibu zaidi. Katika miaka ya 1990 John Lenahan, Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi Uingereza, alifukuzwa baada ya kuonyesha kwenye televisheni ya BBC jinsi mchezo wa karata tatu unavyofanyika. Mchezo huo ndio ule ambao Nairobi na Mombasa unajulikana kama pata potea: karata tatu zimepinduliwa juu ya kijimeza au boksi, mchezeshaji anazizungusha, nawe unaweka fedha ukiamini umeifuata ile moja kwa macho. Pembeni wapo watu wanaoshinda na kushangilia, nao ni washirika wake. Mgeni hashindi, isipokuwa pale anaporuhusiwa kushinda kidogo ili aweke kikubwa zaidi.

Mbele yetu hapo kuna mambo mawili yanayofanana kwa nje. Mikono inayozungusha karata ukumbini na ile inayozizungusha kituo cha basi inaweza kuwa imejifunza mbinu ileile. Tofauti ni makubaliano. Ukumbini umeambiwa utadanganywa, umekubali, na unaondoka na kila ulichokuja nacho isipokuwa kiingilio. Kituoni umeambiwa una nafasi ya kushinda, na huo ni uongo unaokuibia nauli na ada ya mtoto. Kwa maoni yangu, mbinu inapokuwa imegeuzwa kuwa chombo cha wizi, haki ya raia kuonywa inaizidi haki ya fani kunyamaza, na chama kingeweza kutafuta njia ya kuonya umma bila kumfukuza aliyeonya. Anayetaka kuwaelewa wanachama kwa haki, hata hivyo, akumbuke kwamba unaweza kumwonya mtu kwamba hatashinda kamwe bila kumfundisha kidole kinapita wapi.

Kamati iliyochunguza miujiza

Jambo ambalo wengi hawalijui, nami naliona kuwa kiini cha heshima ya chama hiki, ni kwamba kwa muda mrefu kimekuwa upande wa wanaopinga madai ya nguvu za ajabu. Mwaka 1914 kiliunda kamati maalumu ya kuchunguza watu waliodai kuzungumza na wafu au kutenda miujiza. Wazo hilo lilikuwa na mizizi ya zamani. John Nevil Maskelyne, ambaye mwanawe Nevil alikuja kuwa rais wa pili wa chama, alipata umaarufu kwa kuanzia na tukio la mwaka 1865 mjini Cheltenham. Ndugu wawili wa Kimarekani, akina Davenport, walikuwa wakifungwa kamba ndani ya kabati, kisha ala za muziki zikalia gizani, na watu wakaamini mizimu imezipiga. Maskelyne, aliyekuwa fundi wa saa, aligundua walichokuwa wakikifanya. Yeye na rafiki yake wakajenga kabati lao, wakafanya yaleyale yote, na kuwatangazia watu kwamba hapana mzimu hata mmoja.

Kamati ya The Magic Circle ilijulikana zaidi kwa suala la kamba ya India. Hadithi ilisema kwamba huko India kuna fakiri anayerusha kamba angani ikasimama wima, mtoto akaipanda hadi akatoweka. Karibu kila mtu alimjua mtu aliyemjua mtu aliyeiona. Sehemu kubwa ya umaarufu wake katika nchi za Magharibi ilitokana na gazeti la Chicago Tribune, lililochapisha masimulizi hayo mwaka 1890 na baadaye likakiri kuwa yalikuwa ya kutunga ili kuvutia wasomaji. Kukiri huko hakukusafiri mbali kama hadithi yenyewe. Mwaka 1934 chama kiliahidi gini 500, yaani pauni 525, kwa yeyote atakayefanya mchezo huo kama ulivyosimuliwa, mahali pa wazi, mbele ya kamati. Hakuna aliyewahi kuzipata.

Kwa nini kazi hii iwafae wanamazingaombwe kuliko maprofesa? Mwanasayansi amezoea maumbile, na maumbile hayamdanganyi kwa makusudi. Mtu anayejua jinsi ya kuficha mpira chini ya kikombe ndiye anayejua pia pa kutazama pale mwingine anapoficha. Houdini aliitumia miaka yake ya mwisho kuwaumbua watu waliochuma fedha kwa wafiwa kwa kudai kuwaletea sauti za marehemu, na mwaka 1926 alikwenda mbele ya kamati ya Bunge la Marekani kutoa ushahidi kuunga mkono sheria dhidi ya wapiga ramli wa kulipwa.

Historia ya fani hii ina ukurasa wa kinyume pia, nao unaihusu Afrika. Mwaka 1856 serikali ya Ufaransa ilimtuma Jean-Eugène Robert-Houdin, mfanya mazingaombwe wa Kifaransa, kwenda Algeria, iliyokuwa chini ya utawala wake wa kikoloni, ili ayafifishe mamlaka ya viongozi wa dini walioheshimiwa na wananchi kwa karama zao. Alimwalika jukwaani mwanamume mwenye nguvu aliinue sanduku dogo, naye akaliinua kwa urahisi. Kisha akamtangazia kwamba amemwondolea nguvu zake, na sanduku lilelile halikusogea tena, kwa kuwa chini ya jukwaa palikuwa na sumaku ya umeme. Mbinu ilikuwa nzuri ajabu. Matumizi yake yalikuwa kumtisha mtu aliyetawaliwa ili aamini kwamba mtawala wake ana nguvu zisizo za kibinadamu. Robert-Houdin hakuwa mwanachama wa The Magic Circle; alifariki miaka 34 kabla hakijazaliwa. Lakini safari yake inaonyesha kwa nini jumuiya inayosema hadharani kwamba haya ni maonyesho tu ina kazi ya kweli ya kufanya.

Na kazi hiyo ina uzito kwetu. Mwaka 1584 Mwingereza Reginald Scot alichapisha kitabu cha kutetea watu waliokuwa wakiuawa kwa tuhuma za uchawi, na ndani yake akaeleza jinsi viinimacho vya sokoni vinavyofanyika, ili wasomaji waone kwamba jambo la kustaajabisha linaweza kuwa na sababu ya kawaida kabisa. Katika kanda ya ziwa nchini Tanzania, vikongwe wamepoteza maisha kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyogeuka mekundu kwa moshi wa jikoni wa miaka mingi. Jamii inayozoea kuuliza jambo limefanyikaje, kabla ya kuuliza nani amelifanya kwa uovu, ina kinga fulani, na sanaa ya mazingaombwe ikifanywa kwa uaminifu inamzoeza mtoto kuuliza hivyo huku akicheka. Wale waliowahi kupiga foleni shuleni kutazama mazingaombwe wanajua jinsi darasa zima lilivyorudi likibishana kuhusu mfuko, leso na njiwa.

Doa la miaka 86

Turudi kwa Sophie Lloyd. Tangu 1905 hadi 1991 The Magic Circle hakikumpokea mwanamke kama mwanachama. Wanawake walisimama jukwaani usiku kwa usiku, waliingia kwenye masanduku na kujikunja mahali pasipokunjika, na sehemu kubwa ya ustadi wa maonyesho mengi ilikuwa miilini mwao. Kadi ya uanachama waliikosa. Jenny Winstanley, mfanya mazingaombwe ambaye mlango huo ulikuwa umefungwa mbele yake, alimtafuta Lloyd, aliyekuwa mwigizaji, na wakamtunga kijana waliyemwita Raymond Lloyd. Walifanya maandalizi ya muda mrefu: wigi, nguo za kubadili umbo, vitu vya kujaza mashavu, sauti ya kukwaruza iliyosingiziwa ugonjwa wa koo, na glavu za kuficha mikono ya kike. Msomaji aliyewahi kushika karata anaweza kukadiria ugumu wa kufanya michezo ya mikono ukiwa umevaa glavu.

Machi 1991 Raymond alifaulu mtihani. Oktoba mwaka huohuo, chama kilipopiga kura na kuwafungulia wanawake mlango, wawili hao walitangaza ukweli. Chama kikamfukuza Lloyd kwa udanganyifu wa makusudi.

Wapo wanaosema chama cha wadanganyifu hakikuwa na haki ya kulalamikia udanganyifu. Hoja hiyo inavutia, ila inaruka tofauti tuliyoiona kwenye pata potea: watahini hawakuwa wamekubali kudanganywa kuhusu nani anayetahiniwa. Kosa la chama lilikuwa mahali pengine. Udanganyifu huo ulihitajika kwa sababu moja tu, nayo ni kanuni ambayo chama chenyewe kilikuwa kimekiri, kwa kura yake, kwamba haifai. Mtihani ulikuwa umethibitisha ustadi. Kilichobaki kumwadhibia ni jinsia iliyofichwa. Sifa ya chama kilichojigamba kupima watu kwa uwezo ilichafuliwa na jambo hili kuliko ilivyowahi kuchafuliwa na mtoa siri yeyote.

Fay Presto alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kuingia. Mwaka 2021 Megan Swann akawa mwanamke wa kwanza kuwa rais wa chama. Kisha uongozi wenyewe ukaanza kumtafuta Lloyd, akapatikana akiwa anaishi Hispania, na mwaka 2025 akaitwa London kupokea uanachama wake. Winstanley hakuiona siku hiyo, kwa kuwa alikufa katika ajali ya gari mwaka 2004.

Leo siri nyingi ziko kwenye intaneti, na mtu mwenye simu anaweza kuukuta ufafanuzi wa mchezo kabla hajautazama wenyewe. Nguvu ya chama juu ya hilo ni ndogo sana. Kinachobaki mikononi mwake ni mambo ambayo video ya dakika mbili haitoi: maktaba, wakosoaji wanaojua, kumbukumbu ya nani alibuni nini, na mahali pa mwanafunzi kuonyesha kazi yake mbele ya watu wasiodanganyika kirahisi. Wanachama wake, ambao ni zaidi ya 1,500, wametawanyika katika nchi nyingi, hivyo uraia wa Uingereza si sharti. Kwa vijana wa miaka 10 hadi 17 kipo chama chao, The Young Magicians Club, kilichoanzishwa mwaka 1996. Kijana wa Dar es Salaam, Kisumu au Bujumbura anayetaka kufika huko hataulizwa kafara wala ukoo. Ataulizwa amefanya mazoezi kwa muda gani, ni wanachama gani wanaomfahamu, na kama yuko tayari kusimama mbele ya watahini.